Kompyuta kuukuu na lori linalosubiri: namna ya kutunza memori na nafasi ya diski

KAMPALA – Ofisi nyingi za mawakala wa forodha na wasafirishaji wa mizigo jijini Kampala, kuanzia vyumba vidogo vya ghorofani Nkrumah Road hadi zile zilizo jirani na makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, huko Nakawa, bado zinafanya kazi kwa kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika mezani pa karani. Ni mashine imara kwa umri wake. Tatizo ni kwamba kazi inayopitia ndani yake siku hizi si ile zilizotengenezewa.

Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakala aliyeko Kampala hutuma tamko la forodha na kodi hulipwa wakati mzigo ungali bandarini Mombasa. Lori halitoki getini mpaka mfumo uone kwamba kazi hiyo imekamilika. Maana yake ni kwamba kompyuta ya Kampala yenye umri wa miaka 12 inaweza kulizuia lori lililo umbali wa kilomita 1,170. Karani anabofya, kijiduara kinazunguka, ukurasa unakuwa mweupe, kisha linatokea onyo dogo pembeni kwamba memori imepungua. Anazima kwa nguvu na kuwasha upya. Wakati huo saa za bandari zinahesabika, na gharama za kuchelewesha kontena hutozwa kwa dola.

Mara nyingi lawama huangukia intaneti au mfumo wa forodha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna kipimo chepesi: kama hata faili la Word lililo ndani ya mashine yenyewe linachukua dakika nzima kufunguka, na taa ya diski inawaka bila kupumzika, basi intaneti haina kosa. Kilichojaa ni memori, au diski, au vyote viwili.

Meza, ghala na kona ya ghala

Wauzaji wa kompyuta husema "memori" na "diski" kana kwamba ni kitu kimoja, na wanunuzi wengi hutoka dukani wakijua kwamba mashine yao ina "memori ya 160". Hapana. Mia na sitini ni diski.

Memori, ile inayoandikwa RAM, ni meza ya karani. Karatasi anazozifanyia kazi sasa hivi ziko juu yake na mkono unazifikia mara moja. Umeme ukikatika, meza inafutika yote. Diski ni ghala: kubwa, la kudumu, lakini liko mbali na meza. Kila programu inayofunguliwa lazima itolewe ghalani na kuletwa mezani.

Sasa meza ikijaa itakuwaje? Hapo ndipo inapoingia memori pepe. Windows hutenga kona ndani ya ghala na kuichukulia kama sehemu ya meza. Karatasi ambazo karani hajazigusa kwa muda hupelekwa huko, nafasi inapatikana mezani, na akizihitaji tena zinarudishwa. Kwenye diski kona hiyo inaonekana kama faili moja kubwa liitwalo pagefile.sys, ambalo kwa kawaida limefichwa. Mzigo huhamishwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa, kila kimoja kikiwa na kilobaiti 4.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mashine ya Atlas iliyoanza kazi katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962 ndiyo iliyotangulia kulitumia, kwa sababu memori wakati huo ilikuwa ghali kupindukia. Wahandisi wake walitaka mwandishi wa programu asijishughulishe na wapi kila kitu kimewekwa, mashine ipange yenyewe.

Shida ni mwendo. Memori hujibu ndani ya takriban sehemu ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka, ile ya sahani na sindano iliyomo katika kompyuta nyingi za zamani, huchukua kama sehemu ya mia moja ya sekunde. Tofauti hiyo ni mara laki moja. Kama kuchukua karatasi mezani kunamchukua karani sekunde moja, basi kwa kipimo hicho hicho kuifuata ghalani kutamchukua saa 28. Ni sawa na kuagiza lori litoke Mombasa bila dereva kulala.

Kwa hiyo memori pepe ni ya kuokoa tu. Ikitumika kidogo, mtu hata hajui. Ikitumika kupita kiasi, kompyuta inaacha kazi na kubaki kubeba, kama wapagazi wa Kikuubo wanaoingiza magunia dukani kwa mlango mmoja huku wengine wakiyatoa kwa mlango huo huo. Hakuna anayenunua, hakuna anayeuza, na wote wanatoka jasho.

Nini kinachokula meza

Chukua kompyuta ya mezani yenye memori ya gigabaiti 2 na Windows 7, aina ambayo bado ipo katika ofisi nyingi. Windows yenyewe ikishawaka inaweza kumaliza karibu nusu. Kinga ya virusi inachukua megabaiti mia mbili au tatu. Kivinjari chenye kurasa sita, yaani barua pepe, benki, lango la URA, ufuatiliaji wa malori, gazeti na Facebook, kinapita gigabaiti moja bila shida. Hapo karani hajafungua ASYCUDA World.

ASYCUDA World, mfumo uliobuniwa na UNCTAD na ambao URA inautumia kupokea matamko, umejengwa kwa Java. Programu za Java zina tabia ya kujitengea memori yake mapema na kuishikilia, hata wakati karani amekwenda kunywa chai. Si kosa, ndivyo zilivyo. Lakini katika mashine ya gigabaiti 2 ina maana kwamba kitu kingine lazima kishuke mezani.

Njia ya kujua ni nani anayekula ni kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Linafunguka dirisha la Task Manager, na ndani yake kuna orodha ya programu zote pamoja na kiasi cha memori kinachoshikwa na kila moja. Ibofye safu ya memori ili wakubwa wapande juu. Ofisi nyingi zitashangaa kukuta kule juu si programu ya kazi hata kidogo. Kuna programu ya printa iliyouzwa miaka minane iliyopita, kuna vitu vya kupakua muziki, kuna kinga mbili za virusi zinazogombana. Kinga mbili kwa wakati mmoja ni mbaya kuliko moja: kila faili linakaguliwa mara mbili, na kila kinga inaishuku nyingine.

Programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta zinazimwa katika sehemu ya Startup, ambayo katika Windows 10 imo humo humo ndani ya Task Manager, na katika Windows 7 au XP hufunguliwa kwa kuandika msconfig baada ya kubonyeza kitufe cha Windows na R. Ondoa alama kwa vile unavyovijua tu. Usichokijua kiache, au muulize fundi.

Dawa ya pili haina gharama na watu huidharau: asubuhi fungua ASYCUDA peke yake, maliza matamko, ifunge, kisha ndiyo ufungue kurasa nyingine. Karani anayefanya hivyo kwenye mashine ya gigabaiti 2 atamshinda mwenye gigabaiti 4 anayefungua kila kitu kwa mkupuo.

Kuipima kona ya ghala

Windows ikiachwa hupanga yenyewe ukubwa wa memori pepe, na kwa mashine yenye diski iliyo na nafasi ya kutosha huo ndio mpango mzuri. Matatizo huanza diski inapokaribia kujaa. Faili la memori pepe likitaka kupanuka linakosa pa kupanukia, na ndipo linapotoka lile onyo la memori. Ndiyo sababu mtu anaweza kupata onyo la memori wakati ugonjwa wenyewe uko kwenye diski.

Anayetaka kupanga kwa mkono afanye hivi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Chagua Advanced, halafu Settings iliyo chini ya Performance, halafu tena Advanced, na mwisho Change. Hapo ondoa alama inayoiachia Windows kupanga yenyewe, chagua Custom size, na uandike tarakimu mbili: ukubwa wa kuanzia na ukubwa wa mwisho. Bonyeza Set kabla ya OK. Wengi husahau Set na kudhani wamemaliza. Washa upya.

Kanuni iliyokuwa ikitumiwa na Windows XP ni mara moja na nusu ya memori kwa kuanzia, na mara tatu kwa mwisho. Kwa memori ya gigabaiti 1 hiyo ni megabaiti 1,536 na 3,072. Kwa gigabaiti 2 ni megabaiti 3,072 na kwenda juu, ila katika Windows ya kawaida ya biti 32 faili hilo haliwezi kupita megabaiti 4,095 katika sehemu moja ya diski, kwa hiyo andika 4,095 na ushukuru. Mwenye gigabaiti 8 hana haja ya kanuni hii, aiachie Windows.

Baadhi ya mafundi huandika tarakimu moja kote kuwili, mfano 3,072 na 3,072. Faida yake ni kwamba faili halipanuki na kusinyaa, hivyo halivunjwivunjwi vipande vya kutawanyika kwenye diski ya kuzunguka. Hasara yake ni kwamba kazi ikizidi hapo, programu zinaanza kufungwa. Kwa ofisi inayofanya kazi zile zile kila siku, tarakimu moja ni sawa.

Kuna fundi atakayeshauri memori pepe izimwe kabisa "ili diski ipumzike". Katika kompyuta yenye memori ndogo ushauri huo ni hatari. Meza ikijaa na kona ya ghala haipo, Windows haina pa kupeleka chochote, na programu inayoshika tamko lililoandikwa nusu inaweza kufa bila kuaga.

Wengine huhamishia faili hilo sehemu ya D. Kama D ni diski nyingine kweli, mwendo unaweza kuongezeka. Kama C na D ni vipande viwili vya diski ile ile, na ndivyo ilivyo katika kompyuta nyingi za Kampala, mwendo hauongezeki, ila unapata nafasi kidogo kwenye C. Kwenye flashi usiiweke kamwe.

Gigabaiti zinapopotelea

Kwanza jambo dogo linalowasumbua wanunuzi. Diski iliyouzwa kama gigabaiti 80 huonyesha 74.5, na ile ya 160 huonyesha 149. Hakuna aliyeiba. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Ni mizani mbili tofauti, na kwa mara moja hii hakuna aliyeichezea.

Lengo liwe kuacha asilimia 15 ya diski wazi. Kwa diski ya 80 hiyo ni kama gigabaiti 11. Chini ya hapo hata kifaa cha Windows cha kupanga upya diski kinalalamika kwamba hakina nafasi ya kufanyia kazi. Ikifika chini ya gigabaiti 1 tegemea lolote: printa inakataa kuchapa kwa sababu kila kazi ya kuchapa huhifadhiwa kwanza kwenye diski, barua pepe hazishuki, na sasisho zinaishia njiani.

Windows XP, kwa wale ambao bado wanayo kwenye mashine ya kuandikia barua tu, ilikuwa na ukarimu wa ajabu kwa nafasi ya mwenyewe. Pipa la taka lilitengewa asilimia 10 ya diski na kumbukumbu za kurejesha mfumo asilimia 12. Kwa diski ya 80 hizo ni takriban gigabaiti 16 ambazo mtu hakuwahi kuziona. Zote mbili hupunguzwa katika mipangilio yake, na asilimia 3 hivi kwa kila moja inatosha.

Faili jingine kubwa ni hiberfil.sys, linalotumika kompyuta inapolazwa usingizi mzito. Katika XP linalingana na memori yote, katika Windows 7 ni kama robo tatu yake. Kompyuta ya mezani ambayo huzimwa kila jioni haina haja nalo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg -h off, na faili linaondoka lenyewe. Usilifute kwa mkono. Vivyo hivyo folda ya WinSxS iliyo ndani ya Windows: inaonekana kubwa na inatamanisha, lakini anayeikata kwa mkono atalipa fundi kuweka Windows upya.

Disk Cleanup, inayofunguliwa kwa kuandika cleanmgr, ndiyo ya kuanzia kwa usafi wa kawaida. Inaondoa faili za muda, mabaki ya sasisho, na folda ya Windows.old ambayo hubaki baada ya kupandisha toleo na inaweza kuzidi gigabaiti 10. Hapa kuna mtego mmoja. Katika baadhi ya matoleo ya Windows 10 yaliyotoka kuanzia mwishoni mwa 2018, folda ya Downloads iliwekwa katika orodha ya vitu vya kusafisha. Karani anayeweka alama kila mahali kwa haraka anaweza kufuta ankara zote za wateja alizozipakua. Soma orodha mstari kwa mstari.

Kurasa za skana

Hata hivyo, katika ofisi ya forodha au ya usafirishaji, mla diski mkubwa si Windows. Ni skana. Bili ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa, kibali cha Shirika la Viwango: kila mzigo una kurasa zake, na kila ukurasa unaingia kwenye diski.

Hesabu ni hii. Ukurasa wa A4 ukichukuliwa kwa rangi kwa nukta 600 kwa inchi una nukta karibu milioni 35, na kila nukta inahitaji baiti 3. Hizo ni kama megabaiti 104 kabla ya kubanwa. Kwa nukta 300 inashuka hadi 26. Kwa nukta 200 katika rangi ya kijivu ni kama 4. Na kwa nukta 200, nyeusi na nyeupe tupu, ni nusu megabaiti. Mzigo wenye kurasa 12 unaweza kuwa gigabaiti moja na robo au megabaiti 6, kutegemea kitufe kimoja tu kwenye skana.

Ikumbukwe pia kwamba picha hiyo kabla haijabanwa kuwa PDF inakaa mezani, yaani kwenye memori. Ndiyo maana mashine nyingi huganda wakati wa kuskani. Kurasa 12 za nukta 600 zinataka zaidi ya gigabaiti moja ya memori mashine isiyo nayo, na diski inaanza kubeba.

Kwa nyaraka za maandishi nukta 200 za kijivu zinasomeka vizuri kabisa, na kifurushi kinapanda haraka kwenye mfumo hata kwa intaneti ya simu. Pale muhuri wa rangi unapotakiwa uonekane, tumia rangi kwa nukta 200 na uhifadhi kama PDF au JPEG, kamwe isiwe BMP wala TIFF isiyobanwa. Nukta 600 waachie wachapishaji wa Nasser Road.

Wasafirishaji nao wana skana yao: simu ya dereva. Picha ya lakiri, picha ya lori mizanini, picha ya hati iliyosainiwa na mpokeaji Juba au Goma, zote zinaingia kwa WhatsApp, na anayezifungua kwenye kompyuta hupakua nakala ile ile mara tatu bila kujua. Panga faili za Downloads kwa ukubwa mara moja kwa wiki. Majina yanayoishia na (1), (2) na (3) mara nyingi ndiyo hayo, ila fungua kwanza kabla ya kufuta.

Barua pepe inastahili onyo lake. Waliobaki na Outlook ya 2002 au ya kabla yake wajue kwamba faili lake la barua, lenye mwisho wa pst, halivumilii kupita gigabaiti 2. Likifika hapo linaharibika, na barua za miaka mingi zinakuwa mashakani. Matoleo ya 2003 na 2007 kwa kawaida yaliwekewa kikomo cha gigabaiti 20. Kufuta barua peke yake hakulipunguzi faili mpaka utumie amri ya kulibana iliyo ndani ya Outlook yenyewe.

Cha kutofuta

Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo, kuliko kuganda kwote. Diski imejaa, fundi ameitwa, na wa kwanza kufutwa ni folda za "mizigo ya zamani" kwa sababu ndizo kubwa na hakuna anayezifungua.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka kumbukumbu za mizigo zitunzwe kwa miaka 5, na sheria ya Uganda ya taratibu za kodi ina takwa kama hilo. Maofisa wa forodha wana haki ya kufanya ukaguzi baada ya mzigo kutoka, na wakati huo swali halitakuwa kama lori lilivuka Malaba salama. Swali litakuwa ankara iko wapi na thamani ilitoka wapi. Wakala asiye na hati hana cha kujitetea nacho, na kodi ya nyongeza anaweza kudaiwa yeye pamoja na mteja aliyekwisha kuhamia biashara nyingine.

Kwa hiyo hati za zamani huhamishwa, hazifutwi. Nunua diski ya nje, panga folda kwa mwaka na kwa namba ya tamko, nakili, kisha fungua faili kumi za hapa na pale kuhakikisha zinafunguka. Tengeneza nakala ya pili na uiweke jengo jingine, kwani moto na wezi hawachagui. Baada ya hapo ndiyo unaweza kuondoa zilizoko kwenye kompyuta. Flashi si mahali pa kuhifadhia miaka mitano. Ni ya kubebea. Na kama flashi inakataa faili la zaidi ya gigabaiti 4 ilhali ina nafasi, sababu ni mpangilio wake wa FAT32, wala si ubovu.

Programu za hesabu nazo hujitengenezea nakala kila siku na kuziacha hapo hapo kwenye C. Nakala 300 za kitabu kimoja cha hesabu, zote kwenye diski moja, hazimkingi mtu. Diski ikifa zinakufa zote. Bakiza za wiki moja, na ya kila mwisho wa mwezi ipelekwe kwenye diski ya nje.

Kuhusu virusi maneno ni machache: flashi inayozunguka kati ya ofisi, duka la fotokopi na mpakani ikaguliwe kila inaporudi. Na zile programu za bure zinazoahidi "kuongeza RAM" kwa kubofya mara moja ziachwe. Programu haiwezi kuongeza memori. Zinachofanya ni kuzisukuma kurasa kwenda kwenye diski kwa nguvu ili tarakimu ipendeze, kisha kompyuta inazirudisha kwa taabu.

Umeme

Wakazi wa Kampala wanaokumbuka mgao wa 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, wanajua kompyuta ngapi zilikufa wakati ule. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inabeba kurasa kwenda na kurudi, uwezekano wa faili kuharibika ni mkubwa kuliko mashine inapokuwa imetulia. Kompyuta iliyolemewa na memori pepe iko katika hali hiyo mchana kutwa. UPS ndogo ya kutosha dakika kumi, ikiwa betri yake ni nzima, ni bei nafuu kuliko tamko moja lililopotea.

Kuongeza au kununua nyingine

Kuna mahali usafi unafika mwisho. Kama baada ya yote haya Task Manager bado inaonyesha memori imejaa saa nne asubuhi, ongeza memori. Fungua mashine kwanza uone ni aina gani: DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, na ya laptopu haiingii kwenye ya mezani. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 3 na kitu hata ukiiwekea 8, kwa hiyo hakikisha kwanza ni biti ngapi. Jaribu memori ukiwa bado dukani.

Cha pili ni kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, isiyo na sahani wala sindano. Hiyo hujibu mara mia moja hivi kwa haraka zaidi, na kwa hiyo hata memori pepe inapotumika karani haoni uchungu ule. Katika mashine za kuanzia takriban 2008 zenye waya wa SATA kazi hii ni ya saa chache. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu na memori ya gigabaiti 4 tayari, anunue SSD. Mwenye gigabaiti 1 au 2 aanze na memori.

Lakini usitumie fedha nyingi kwa mashine isiyo na mustakabali. Microsoft iliacha kuilinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109 kwa Windows 7 mapema mwaka 2023. Windows 11 inataka memori ya gigabaiti 4, diski ya 64, na kitengo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za kabla ya 2016 hazina. Kompyuta inayoingiza nywila za benki na za URA haifai kukaa kwenye mfumo usiolindwa. Ile ya zamani ibaki kuchapa barua na kuskani, ikiwezekana bila intaneti, na ya matamko ndiyo inunuliwe.

Siku diski ya zamani itakapotolewa, isiachwe kwa fundi wala kuuzwa na kasha lake. Ina namba za mlipa kodi za wateja, bei walizonunulia Guangzhou na Dubai, na saini zao zilizoskaniwa. Kufuta faili hakutoshi, kwani yanayofutwa bado yanaweza kurejeshwa mpaka yaandikwe juu yake. Iunganishe diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, ifute yote kwa uumbizaji kamili, usiwe ule wa haraka, kisha fungua dirisha la amri na uandike cipher /w: ikifuatiwa na herufi ya diski hiyo. Amri hii inajaza nafasi tupu mara tatu, na kwa diski ya gigabaiti 80 inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianzishwe jioni wakati wa kufunga ofisi.